Neno la Ukuta Wangu

Mujukuu wangu wa kike alieleza ukuta wangu ku karatasi yake kwa neno moja la Kiingereza, akafunga kalamu, akataka kuendelea na nyumba ya pili. Neno lenyewe lilikuwa damaged. Nikamuuliza maana yake ni nini.

"Imeharibika, koko."

Koko ni mimi, bibi yake. Alilisema vile tu, kama mutu anayekuambia kwamba mvua imenyesha. Nikamushika mukono. Nikamuambia hapa hatutoki.

Mimi sikusoma sana. Nilifika darasa la tatu kule Kabambare, halafu mama akajifungua mapacha, nikarudi nyumbani kubeba mumoja. Lakini masikio yangu ni mazima, na jina la mutu likiingia mu kichwa changu halitoki tena. Ninajua majina ya wote waliolia siku baba yangu alipozikwa, na wale waliokuja bila kulia pia ninawajua. Kwa hiyo mutu asije kunifundisha nyumba yangu ni kitu gani.

Kiangazi kile wageni walikuwa wamekuja Kasongo na mupango wa nyumba za wajane na wazee. Walipita mu avenyu yetu mulango kwa mulango. Wakiona nyumba imeharibika, wanaibomoa na kujenga ingine palepale kwa matofali ya kuchoma. Wakiona ukuta bado una nguvu lakini paa limechoka, ukuta wanauacha, wanaleta mabati. Shefu wao, mukubwa wa kazi, hakujua Kiswahili, hata salamu. Ndiyo maana walimuchukua mujukuu wangu, aliyesoma Kiingereza ku Bukavu, apite naye, asikilize watu na kuandika. Fishi, ile karatasi ya kujaza, ilikuwa na mustari mumoja wa kueleza ukuta uko namna gani. Biro yao, ofisi ya wakubwa, sijui iko wapi, ilikuwa inasoma mustari ule na kuamua.

Mimi nilitaka mabati. Majani ya paa langu yalikuwa yameoza upande wa dirisha. Ukuta sikutaka mutu auguse.

Jirani wangu wa ng'ambo ya njia yeye alitaka matofali. Alipopata habari ya wageni alichukua jembe, akauchokora ukuta wake mwenyewe mchana, watu wanamuona. Wageni walipofika alikuwa amesimama pembeni na uso wa kilio, udongo mubichi bado uko ku magoti yake. Akapewa damaged. Sasa aliposikia na mimi nimepewa neno lile lile, akaniita kutoka kwake, kwa sauti ya kutosha avenyu nzima.

"Mama, karibu. Leo tumekuwa familia moja."

Nikamujibu kwamba yeye alitumia jembe, mimi sikutumia jembe, asinitie mu ukoo wake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Ngoja nieleze ukuta wangu, maana mutu akiuona kwa haraka ataona kweli ni madoa tu. Chini kabisa ni mwekundu, pembeni ya dirisha ni mweupe, katikati kuna kijivu na rangi ya manjano. Hapa umevimba, pale umeingia ndani. Kuna mahali udongo umeisha hadi fito zinaonekana. Hauna rangi moja hata urefu wa mukono. Lakini rangi hizo hazikuanguka kutoka mbinguni.

Kwetu, toka kwa mama ya mama yangu, mwanamuke akija kuangalia mutoto aliyezaliwa, anabeba bonge la udongo wa kwao, amelifunga mu jani la mugomba. Anaomba maji ya nyumba ile, analoweka, anakanda, anatafuta mahali mvua imekula ukuta, anapaziba. Kwa kiganja, si kwa ubao. Kazi yake inabaki yake. Ikipasuka anaitwa aje kuirudia, mwingine hawezi kuipita juu. Na akifa, hakuna wa kuigusa. Tunaiacha ishuke yenyewe, polepole, mpaka imalizike.

Nimezaa mara nane mu nyumba hii, na binti zangu walirudi kuzalia hapa. Hesabu mwenyewe ni wanawake wangapi. Ule mwekundu wa chini ni wa dada zangu wa Kabambare, waliotembea siku tatu. Kijivu ni cha wifi yangu wa Nyangwe, udongo wa kando ya Lualaba. Siku ya kwanza nyumba yote ilinuka samaki, na mume wangu alilala ku baraza mpaka ukakauka. Ule wa manjano unaong'aa ulitoka Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu. Aliyeuleta alikuwa muke wa mutoto wa kaka yangu, na wanaume walimusumbua miaka, eti watakwangua udongo wake ku ukuta wangu wauoshe mu karai, labda watapata gramu moja. Majina ya wanawake wote hao ninayo. Siyaandiki humu kwa sababu wengine bado wako wazima na sijawaomba ruhusa.

Ndivyo nilivyomueleza mujukuu wangu, tumesimama ku jua, shefu wake anaangalia saa. Hasira ilikuwa imenishika lakini nilisema taratibu. Yeye alikulia kwa shangazi zake ku Bukavu, mu nyumba ya saruji. Sikumulaumu kwa kutojua. Nilimulaumu kwa kuandika kabla hajauliza.

Alikata lile neno la kwanza. Akafikiri, akasema kuna ingine, worn. Ni kama kuchakaa, kama nguo iliyovaliwa sana. Nikamuambia nguo inapungua kila siku unapoivaa, ukuta huu kila mwaka mutu aliuongezea. Kama unachakaa mbona ni munene kuliko wakati nilipoolewa?

Akatafuta mu telefoni. Akaleta patchy. Nikataka anionyeshe kitu gani Waingereza wanakiita vile. Akasema majani yaliyoota hapa na pale hayakuota, au ndevu za mwanaume zisizojaa. Nikageuka nikamuangalia jirani yangu, na ndevu zake zile. Nikamuambia mujukuu wangu neno hilo liko sawa, ampelekee muzee yule, mimi sina kazi nalo. Ukuta wangu hakuna mahali udongo ulikataa kuota.

Akaleta la nne, weathered. Kitu kilichopigwa na jua na mvua na upepo miaka mingi, akasema, na kwa Kiingereza neno hili ni zuri, linabeba heshima. Uso wake ulionyesha kwamba ameona mwisho wa safari.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Nikamuuliza, heshima ya nani? Mvua ilikuja kula. Jua lilikuja kupasua. Wanawake walitembea siku tatu na udongo ku kichwa, na wewe unataka kuandika kwamba kazi ni ya mvua. Neno lako halina mutu ndani. Maneno yako yote manne hayana mutu ndani.

Kisha akafanya kosa lingine. Alinyoosha kidole upande wa dirisha, pale paa linapovuja, akasema kwa sauti ya kunibembeleza:

"Lakini koko, pale? Pale hata wewe utasema pameharibika. Mbona pale hukupaziba?"

Pale ndipo palikuwa pabaya kuliko pote. Udongo ulikuwa umebaki mwembamba kama ngozi ya maziwa, mweupe uliochoka, alama za vidole bado zinaonekana kwa juu. Nilitaka kumujibu vibaya, nikameza.

"Pale ni mama yako."

Akashusha kidole.

Nikamueleza. Mama yake alikuwa binti yangu wa tatu. Alikuwa ameolewa kule ku milima ya kuelekea Kabambare, na mudogo wake alipojifungua hapa alikuja na udongo mweupe wa kule, yeye mwenyewe ana mimba ya huyu huyu aliyesimama mbele yangu na kalamu. Tumbo lilimuzuia kuinama, ndiyo maana alichagua ku usawa wa dirisha. Miaka minne baadaye akafa. Kila masika ninaona maji yanashuka palepale, na mimi siwezi kuweka kiganja changu juu ya chake. Nimeongeza majani, nimetegemeza na kipande cha bati kuukuu, maji yanapita tu. Mabati niliyaomba kwa sababu ya kipande kile. Halafu wewe unakuja, unaandika neno la kukibomoa.

Mujukuu wangu alisogea ku dirisha. Hakugusa. Alipimisha vidole vyake hewani mbele ya vile vya ukutani, kisha akarudi, akasema neno ambalo hakulitafuta mu telefoni. Mended. Nikamuuliza. Akasema ni kitu kilichopasuka na mutu akakirudisha kwa mukono wake. Lazima kuwe na mutu, akasema, chenyewe hakiwezi.

Nikamuambia andika hilo.

Akaandika. Shefu akasoma, akatikisa kichwa, wakasemezana kwa muda. Niliona uso wa mujukuu wangu unabadilika. Akanieleza kwamba shefu hakatai, lakini biro ikisoma neno lile itaelewa kwamba nyumba yangu ilikwisha kutengenezwa, labda na watu wa mupango mwingine, na sitapata kitu. Matofali hapana, mabati hapana. Shefu alishauri turudishe la kwanza. Alikuwa anajaribu kunisaidia, hilo ninamukubalia. Ila aliona haja yangu ni nyumba mupya, na hata mara moja hakuuliza.

"Muke mwenzangu," nikamuambia mujukuu wangu, maana ndivyo ninavyomuita tukiwa na amani, "ni wewe unayejua Kiingereza. Unataka kuandika nini?"

Hakuandika la kwanza. Aliacha mended palepale, kisha akageuza fishi upande wa nyuma, akaniambia nitaje. Nikataja. Nilianzia chini ku mulango nikapanda, dada zangu, wifi zangu, wake wa kaka zangu, majirani waliohama, mutu na jina lake na jina la baba yake na kijiji alipotoa udongo. Shefu alikaa ku kiti nilichomupa. Jirani yangu naye alivuka njia akaja kusikiliza, na mara mbili alijaribu kunisahihisha, akakosea. Karatasi ikajaa. Jina la mwisho nilitaja la ku dirisha, na lile mujukuu wangu aliliandika kabla sijamaliza kulitamka.

Mabati hayakuja. Ninasema wazi ili mutu asifikiri kwamba biro ilisoma ule upande wa nyuma ikaguswa ku moyo. Hakuna aliyesoma. Ng'ambo ya njia wamejenga nyumba ya matofali, iko sawasawa, rangi moja kutoka chini hadi juu, na muzee yule sasa analalamika kwamba ina joto. Mimi nilinunua majani mapya ya upande ule mumoja, watoto wangu wakayafunga, wakalivuta paa mbele zaidi ili maji yaanguke mbali. Bado ninakasirika nikiona yale mabati yaliyopelekwa kwa wengine. Umri wangu si wa kuhangaikia majani ya paa.

Masika yaliyofuata mujukuu mwingine alizaliwa hapa. Yule wa Kiingereza akaja kutoka Bukavu kumuangalia, ameshuka ku pikipiki amejaa matope mpaka nyusi, na mu mufuko wake mulikuwa na bonge jeusi limefungwa mu plastiki, kwa sababu alisema ku Bukavu jani la mugomba hakulipata. Akaomba maji. Nikampa, nikakaa ku kiti nikimuangalia. Alichagua chini ya dirisha, karibu kabisa na ule mweupe, hakuupita juu.

Udongo wenyewe aliukanda vibaya. Maji mengi, hakutia majani makavu, na aliupaka mwembamba kama mutu anayepaka siagi ku mukate. Siku ya tatu ulikuwa umepasuka toka juu hadi chini, na yeye amekwisha kurudi kazini kwake. Wanawake wa hapa walitaka kuusawazisha kidogo, usionekane aibu. Nikawafukuza.

Nikamupigia telefoni. Nikamuambia kazi yake imepasuka, na mwenye kuirudia ni yeye.