Mpishi wa Boti ya Makombora

Ukimkuta Mable Mghoi likizoni kwao Marungu, utamjua kwa sufuria. Hata jikoni kwa dada yake, ambako sakafu haijawahi kusogea, yeye hutanua miguu, akaegemea ukuta na kuishika sufuria kwa mkono mmoja isije ikamkimbia. Mable ni mpishi katika boti ya makombora ya wanamaji kule Mtongwe, na boti ile ikishika kasi, ugali haupikwi, unapiganwa nao.

Kazi yake aliipenda kupita kiasi. Kilichomkosesha raha ni baba yake, Mzee Elijah Mwandoe, mfanyabiashara wa mbuzi. Siku alipoambiwa bintiye anakwenda kupika juu ya makombora, mzee alisema "Sawa," akatoka kuangalia mbuzi. Hakugomba, na ubaya ulikuwa hapo hapo. Kwa Wadawida, watu wa kwao, hasira ya mzazi ikikaa kimya moyoni humwandama mtoto. Dawa yake ni kutasa: mzazi hupiga funda la maji, akalipuliza nje huku akitamka baraka, na hasira ikatoka nalo. Mzee Elijah ni mzee wa kanisa, lakini kutasa hakukuacha. Ila kwa Mable alikuwa hajatasa. Mchuzi ukimwagika, Mable alijua ni baba. Alipoungua mkono, aliwaambia wenzake bila utani kwamba hayo yametoka Marungu.

Ilipotangazwa siku ya familia, ambapo jamaa za mabaharia hupandishwa botini, alimwalika baba bila matumaini. Asubuhi ya siku yenyewe akamkuta getini, ameshuka treni na koti lake la Jumapili, anauliza kama boti ina choo.

"Na hayo makombora yako wapi?"

"Ni hiyo mitungi mikubwa hapo nyuma, Baba."

"Wewe unalala karibu nayo?"

"Chini yake."

"Sawa," mzee akasema, akageukia bahari. Mable akarudi jikoni moyo umemwanguka.

Walipotoka nje ya bandari, Afande Muasya, mkuu wa boti, alitaka kuwafurahisha wageni, akaiachia mbio. Hapo watu wakajuta kunywa chai. Mchungaji mmoja alikumbatia nguzo akaomba kwa sauti, na baharia aliyekuwa akijisifu tangu asubuhi akakimbilia ukingoni kutapika. Mable alizifunga sufuria zake, akatoka mbio kumwokoa baba. Akamkuta amesimama katikati, hajashika kitu, magoti ameyalegeza, anacheka. Mable alikuwa hajamwona akicheka hivyo tangu mama yake alipofariki.

"Baba, kaa chini utaanguka."

"Nianguke na hii? Mimi nimesimama nyuma ya lori na mbuzi, Kishushe mpaka Voi, tangu hujazaliwa. Hii barabara ni nzuri, haina hata vumbi."

Mchana mzee alikula ugali na maharagwe, akaongezwa, akaongezwa tena.

"Ulipika hii chakula tukiruka vile?"

"Ndiyo, Baba."

"Nipe maji."

Mable alidhani ni kiu. Mzee akapiga funda, hakumeza. Alisimama, akampulizia kichwani, maji yakamtiririka mpaka kwenye kola ya sare.

"Haikuwa hasira, mwana wangu. Nilikuwa naogopa, nikaona haya kusema. Sasa hofu imetoka yote. Bahari ikubebe vizuri, moto usikuguse, watu washibe kwa mkono wako."

Mable alilia pale pale mbele ya mabaharia wote, na hakujali. Furaha ilimjaa mpaka akasahau kujipangusa.

Mzee alikuwa hajamaliza. Alibeba kikombe chake hadi nyuma ya boti, kwenye mitungi. Mlinzi akamtazama Afande Muasya, naye Afande akavua kofia. Mzee akapiga funda jingine, akalipulizia kombora.

"Na wewe," akaliambia, "mwana wangu analala hapo chini yako. Wewe pia lala."