Punguza Mmoja

Wiki iliyopita nilifika Kasongo kutoka Kabambare, mgongo umechoka kwa pikipiki na vumbi la njia ya Wamaza bado limo masikioni, nikamkuta kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu kwetu, dukani kwake na wanaume wenzake mbele ya televisheni. Duka lenyewe, rafiki yangu, limejengwa pale pale palipokuwa uwanja wetu wa mpira. Nikapewa kiti, nikapewa chai, na kabla sijaimaliza mchezaji mmoja akaonyeshwa kadi nyekundu. Wanaume wakapiga makofi.

"Bamebaki kumi," kaka akasema. "Mechi imekwisha."

Nikaweka kikombe chini. Nilipandwa na hasira ambayo sikujua kama bado ninayo.

Kama ulikulia mitaa ile utakumbuka: magoli ya mianzi, mpira wa mifuko ya plastiki uliokazwa kwa kamba, harufu ya mawese yakichemka kila ua, michi ikitwanga mpunga na sombe, yale majani ya muhogo. Hakuna mechi iliyomalizwa na watoto wote walioianza. Huyu aliitwa kuteka maji, yule kuanua muhogo kabla mvua haijanyesha. Ndiyo maana tulikuwa na sheria yetu: upande mmoja ukipoteza mtu, upande wa pili nao unatoa mmoja. Watoto walipiga kelele "Punguza!" na mchezo ukaendelea sawa kwa sawa. Wazee waliisifu sana sheria hiyo, wakasema watoto wa mtaa wetu wana haki kuliko wakubwa.

Haki gani? Aliyepunguzwa kila siku alikuwa mimi, msichana pekee. Niliingizwa idadi ilipopungua, nikatolewa ilipozidi. Hata kama nilikuwa naelekea golini na mpira mguuni, ikisikika "Punguza!" kaka yangu, aliyekuwa kapteni, alininyooshea kidole bila hata kunitazama. Nilikwenda kukaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikiwaangalia wavulana wasiojua kutoa pasi wakiendelea na haki yao.

Kisha mwalimu wetu akatangaza kwamba atapeleka timu Kabambare kwa lori. Angechagua wachezaji kwenye mechi kati yetu na watoto wa ng'ambo ya soko, na anayecheza vizuri atakwenda, mvulana au msichana. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sikuwahi kutoka Kasongo, na safari ile niliitaka mpaka usingizi ukaniruka. Siku ya mechi nilitwanga mpunga wote tangu asubuhi ili bibi yetu, aliyekuwa akitulea, asipate sababu ya kuniita. Bibi alicheka, akanifunga kitenge kifupi ili nikimbie vizuri.

Nilicheza, usinione hivi. Goli letu la kwanza lilitokana na pasi yangu. Muda mfupi baadaye mtoto mmoja wa ng'ambo ya soko alikanyaga kisiki cha mwanzi, akabebwa akivuja damu, na wenzake wakapiga kelele "Punguza!" Kidole cha kaka kikaja kwangu.

"Toka weye," nikamwambia.

"Weye ni wa kujaza tu," akajibu. "Toka, unachelewesha mechi."

Nikamtazama mwalimu, filimbi iko mdomoni mwake. Alinipungia mkono kama anayefukuza kuku kwenye mpunga ulioanikwa. Nikatoka.

Sasa sikiliza. Baada ya mapumziko alikuja mama wa mtoto mwingine wa ng'ambo, akamshika mwanawe sikio na kumwondoa uwanjani, kwa sababu mbuzi wao walikuwa wameingia shamba la watu. "Punguza!" wenzake wakalia. Nilisimama juu ya kinu nione safari hii atatoka nani. Kaka aliwatazama wenzake mmoja mmoja, wote wavulana, kidole chake kisipate pa kwenda. Mwisho akasema hii ni mechi ya kweli, na kwenye mechi ya kweli hapunguzwi mtu. Mwalimu akakubali kwa kichwa. Sheria yetu yote ikafia pale, na nikajua ilikuwa hai kwa sababu yangu tu.

Basi wetu wakawa kumi na wale tisa, na wetu wakacheza kama watu walioandaliwa chakula. Hakuna aliyerudi nyuma. Kila mmoja alitaka afunge yeye, mwalimu amwone, wakawa wanagongana. Wale tisa walibanana mbele ya goli lao, kila mmoja akikimbia kwa niaba ya wawili. Wakabutua mpira mrefu mara moja, wetu wote wako mbele, goli. Wakabutua tena, goli, wakashinda. Niliwashangilia wale tisa mpaka sauti ikakauka, dhidi ya mtaa wangu mwenyewe, na mpaka leo sijutii.

Mwalimu alichagua wavulana, kaka akiwemo. Kabambare niliiona nikiwa mke wa mtu, nimepakiwa kwenye pikipiki pamoja na gunia la chumvi.

Dukani nako, wale kumi wa kwenye televisheni wakabanana vile vile. Nikasema kumi watafunga. Wanaume wakacheka, kisha kumi wakafunga na kicheko kikaisha. Nikamwuliza kaka kama anaikumbuka mechi ya mwalimu. Aliikumbuka yote: kisiki, mbuzi, magoli mawili. Akawasimulia wenzake vizuri kabisa, kisha akanigeukia.

"Na weye? Siku ile ulikuwa unacheza?"

Aliuliza kwa moyo safi, na hilo ndilo lililoniuma. Wakati huo huo mgeni akaingia, viti vyote vimejaa, na kaka, macho yake kwenye televisheni, akaninyooshea kidole.

"Punguza mwengine, yaya," nikamwambia kaka yangu. "Leo mimi sitoki."

Kidole kikabaki hewani. Kisha akainuka mwenyewe, akampa mgeni kiti chake, akamalizia mechi amesimama ukutani.

Uwanja haupo tena, mianzi ililiwa na mchwa, bibi tulimzika zamani. Watu wa rika letu husikitika kwamba siku hizi hakuna mtoto anayelia "Punguza!" Mimi namlilia bibi na kile kitenge kifupi. Hiyo sheria, acha ioze.