Shikamoo Iliyokwama Mlimani

Mume wangu alikuwa mwalimu wa fizikia hapa Masasi, mtu mpole, asiyeweza kubeba ndoo ya maji bila kulalamikia mgongo. Lakini kila Jumamosi asubuhi mgongo ulipona. Alitia redio yake kwenye mkoba pamoja na betri ya pikipiki, waya na chupa ya chai, akaweka mwanzi mrefu begani, akaelekea mlimani.

Redio ile aliachiwa na fundi mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Haikuwa ya kusikilizia taarifa ya habari. Ilikuwa ya kuongea. Unapanda juu kabisa, unasimamisha mwanzi wenye waya, unaita, na mtu usiyemjua, aliyeko nchi usiyowahi kufika, anakujibu. Mnaambiana majina, mnaulizana hali ya hewa, mnaambiana mnavyosikika. Basi. Kibali chake kutoka serikalini kilikuja wakati tumeshasahau kwamba aliomba.

"Na baada ya hapo?" nilimuuliza.

"Baada ya hapo namtafuta mwingine."

Siku zile biashara nchini ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanaingia na malori yao hadi Lupaso, na mitumba ilikuwa imejaa sokoni mpaka cherehani yangu ikakosa kazi. Nani angeamini kwamba mwalimu anapanda mwamba kuuliza habari za mvua? Jirani yetu alikuwa na hakika kwamba mume wangu anapatana bei na wanunuzi huko juu. Siku moja akamvizia njiani.

"Mwalimu, sisi ni majirani. Huko juu wamesemaje, korosho itapanda?"

Mume wangu, ambaye hajui kudanganya, akamjibu kwamba huko juu wamesema Italia kuna ukungu. Jirani akaondoka amenuna.

Mama mkwe alikuwa na mawazo mengine. Alikuja kututembelea kutoka Makote, kule Newala, na Jumamosi ya kwanza tu akamwona mwanawe akitoka na mwanzi. Akanivuta jikoni.

"Mwanangu, anaongea na nani huko?"

"Watu tu, mama. Hata yeye hawajui."

"Mwanamume hapandi jiwe kwa ajili ya watu tu." Akajifunga kanga kiunoni. "Twende."

Nikamwambia njia ni mbaya. Akacheka. "Mimi nimekua nikipanda kutoka bondeni na mtungi wa maji kichwani. Huyu anapanda kufuata nini? Maneno?"

Tulimkuta katikati ya mlima, amekaa juu ya jiwe anahema, pimbi wawili wakimtazama. Alipomwona mama yake akasimama kama mwanafunzi aliyekamatwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete huo mkoba."

Akajitwika kichwani, betri na yote, akatangulia. Mume wangu akamfuata na mwanzi wake, akisema, "Polepole, mama, usiitikise," na mimi nyuma nikiwa nimeziba mdomo kwa kanga.

Juu kulikuwa na upepo mtamu, na Masasi yote chini yetu. Mume wangu akasimamisha mwanzi kati ya mawe, akavuta waya, akaanza kuita. Redio ikachachatika kama mafuta kikaangoni. Kisha ikatoka sauti nzito, ya mbali.

"Ni mwanamume," mama mkwe aliniambia. Nilishusha pumzi. Sikuwa na wasiwasi, lakini nilishusha pumzi. "Mwambie mama yako yupo hapa," akamwambia mwanawe.

Mume wangu akasema kwa Kiingereza. Yule mtu akafurahi, akauliza huku mama anaamkiwaje. Akafundishwa. Mara tukasikia kutoka kwenye kile kisanduku: "Shi-ka-moo, mama."

"Marahaba!" mama mkwe akapaza sauti, si kwenye redio bali kuelekea Ulaya. "Hujambo, mwanangu? Watoto hawajambo? Mwaka huu mmevuna?" Akanigeukia. "Huyu amelelewa." Kisha kwa mwanawe: "Muulize ana watoto wangapi."

Jibu lilipokuja, mume wangu alilitafsiri taratibu. Watoto ni wakubwa, wajukuu nao wameoa, na yeye ameshastaafu siku nyingi.

Mama mkwe akajishika kichwa.

"Mzee mzima! Ananiamkia mimi, na mimi naitikia! Mpe shikamoo yake, upesi, kabla hajaondoka!"

Mume wangu akabonyeza kitufe. Mama mkwe akapiga goti pale pale juu ya mwamba. "Shikamoo, baba."

Lakini yule mzee alikuwa anajua neno moja tu la Kiswahili. "Shikamoo, mama!" akajibu, kwa furaha tele.

"Anairudisha! Mwambie asiirudishe!"

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo, mama!"

Mume wangu akaanza kumweleza habari ya marahaba, sauti ikafifia, taa ndogo ya redio ikazimika. Betri ilikuwa imekufa.

Njia nzima ya kushuka mama mkwe alimlaumu mwanawe kwa kumfundisha mzee wa watu adabu nusu. Makote nako, nilisikia baadaye, alisimulia kwamba kuna mzee Ulaya anayemheshimu kupita kiasi.

Mimi niliendelea kupanda na mume wangu kila Jumamosi, kushika mwanzi. Nyumbani mume wangu alikuwa mtu wa kusahihisha madaftari na kuitikia "mh". Njiani kupanda aliongea, na kunichekesha, mpaka tunafika juu. Wiki ambazo betri haikuwa na chaji, nilimwambia twende hivyo hivyo, tubebe chai.