Barua Kumi na Moja Ndani ya Kochi la Mwalimu

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi makochi amepiga magoti mbele ya kiti kilichopinduliwa miguu juu, na mdomoni amejaza misumari. Ni misumari midogo, myeusi, isiyozidi urefu wa ukucha. Anausukuma mmoja kwa ulimi hadi kwenye ncha ya midomo, anaupokea kwa nyundo yenye kichwa cha sumaku, anaugonga. Pigo la kwanza la kuukalisha, la pili la kuuzamisha. Hata haangalii.

Wateja wanamwita Bwana Misumari, na wengi mtaani hawajui jina lake jingine. Ana miaka hamsini na minane. Zaidi ya nusu ya umri huo ameutumia katika karakana hii ya chumba kimoja, yenye mlango wa bati, marundo ya sponji yanayogusa dari, na cherehani moja nzito ya kushonea ngozi, iliyofungwa kwa boliti kwenye meza.

"Hili ndilo shamba langu," anasema, akiipapasa cherehani shingoni kama mtu anayemtuliza mnyama. "Ikiondoka hii, mimi ni mzee mwenye nyundo tu."

Mwaka juzi zilibaki siku tisa iondoke.

Yote yalianza na kazi nzuri. Hoteli mpya ilimpa oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata: viti sitini vya ukumbi wa mikutano, ngozi ya kahawia, vifungo mgongoni. Angelipwa akishakabidhi. Akaenda kwenye taasisi ya mikopo, akakopa fedha za ngozi, mbao na sponji, akaiweka cherehani dhamana. Alikabidhi viti vyote sitini kwa wakati. Wiki ya tano, akiwa bado anasubiri malipo, hoteli ikafilisika.

"Nilikuta kufuli na mlinzi. Mlinzi mwenyewe hajalipwa miezi mitatu, amekalia kiti changu. Nikamwambia, kaa ndugu yangu, angalau wewe umepata kitu."

Ili kulipa taasisi, alikopa kwa simu. Ili kulipa mkopo wa simu, alikopa kwa mfanyabiashara wa mtaa wa pili, kisha kwa mwingine. Alikuwa anachimba shimo ili afukie shimo. Ilifika mahali ambapo katika kila mia iliyoingia karakanani, themanini na tatu ziliwaendea wadai wanne, na bado deni lilinenepa. Kumi na saba zilizobaki zilikuwa za kodi, umeme, na chakula cha watu watatu: yeye, mkewe, na mama mkwe wanayeishi naye.

Aliwahi hata kumpa kodi ya mwezi mzima mtu aliyebandika tangazo kwenye nguzo ya umeme, eti anafuta madeni.

"Alifuta namba yake ya simu," anasema fundi.

Mkewe, mpishi katika shule ya chekechea, hakuambiwa chochote. Aliona tu kwamba mume wake amezidi kuwa kimya, na kwamba alianza kurudi nyumbani na misumari mdomoni, kana kwamba kuna cha kugongelea mezani. Fundi anakiri ulikuwa ujanja. Mtu mwenye misumari mdomoni haulizwi swali.

Kisha zikaanza kuja barua, zikisukumwa chini ya mlango wa karakana. Hakuzifungua. Alijiambia kwamba barua ambayo haijafunguliwa haijasema kitu. Hakuzichana pia, maana aliogopa kuchana karatasi yenye mhuri, na nyumbani hakuthubutu kuzipeleka. Akawa anazificha mahali ambapo fundi makochi peke yake angefikiria: katikati ya springi za kiti kinachosubiri kazi. Kiti hicho kikifika zamu yake, anazihamishia kingine. Barua zilihama kama wapangaji.

Ijumaa moja mwalimu mstaafu alikuja mapema kuliko walivyopatana. Kochi lake lilikuwa limebakiza kitambaa cha chini tu. Fundi alilifunga harakaharaka, misumari thelathini na sita, likapakiwa kwenye mkokoteni. Jumamosi asubuhi akanyoosha mkono kutafuta barua, akakumbuka.

"Nikuambie ukweli?" anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaiweka nyundo chini. "Nilifurahi. Nilisema, sasa kuna mtu mwingine amekalia madeni yangu."

Furaha ilidumu siku nne. Jumatano mkokoteni ulirudi na kochi, na mwalimu nyuma yake akitembea kwa fimbo.

"Fundi, umenipa kochi lenye panya msomi," alisema. "Kila nikikaa anafunua kurasa."

"Itakuwa sponji, Mwalimu. Sponji mpya huwa ina kelele."

"Nimefundisha miaka thelathini na nane. Sauti ya karatasi inayofichwa chini ya makalio naijua."

Fundi alichomoa misumari yote thelathini na sita. Bahasha kumi na moja zilidondoka, zote zikiwa na jina lake kwa mbele. Mwalimu aliziangalia. Hakuinama kuziokota, wala hakuuliza. Alivuta kigoda, akakaa, akaegemeza fimbo ukutani.

"Zifungue wewe," alisema. "Mimi nitakuwepo tu."

Zilimchukua saa nzima. Ya tisa ilikuwa wito wa mahakama. Taasisi ya mikopo ilikuwa inaomba ruhusa ya kuchukua cherehani, na shauri lilipangwa kusikilizwa siku tisa baadaye.

Mwalimu ndiye aliyemwambia kuhusu ofisi ya ushauri wa madeni, chumba kimoja nyuma ya maktaba kinachofunguliwa Jumanne na Alhamisi, na huduma yake ni bure. Fundi hakuamini. Mfuta madeni wa nguzo ya umeme alishamlipa kodi ya mwezi mzima. Alhamisi alifika hadi mlangoni, akasikia watu wakiongea ndani, akageuka. Baada ya chakula cha mchana alifika tena, akageuka tena. Jumanne iliyofuata, zikiwa zimebaki siku tatu, mwalimu alimfuata karakanani akasema anahitaji mtu wa kumshika mkono mpaka maktaba, miguu inamsumbua.

"Miguu yake ilikuwa mizima kabisa," anasema fundi.

Mshauri aliyewapokea alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Alimwamkia kwa heshima, akampa maji, akasogeza pembeni kikokotoo chake. Swali la kwanza halikuwa kuhusu deni.

"Shikamoo, baba. Umelala?"

"Leo?"

"Wiki hii."

 Fundi anasema ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya mtoto wa watu, na binti yule hakumharakisha. Alipanga tu zile barua kwa tarehe, taratibu, mpaka mzee akamaliza.

Katika ofisi hiyo alijifunza neno ambalo alikuwa ameliogopa bila kulijua. Kufilisika, alielezwa, si kosa la jinai wala si laana. Ni hali ya mtu ambaye ukiweka upande mmoja vyote anavyodaiwa, na upande wa pili vyote alivyo navyo na anavyoingiza, upande wa pili haufikii wa kwanza kwa wakati unaotakiwa. Kuna njia zaidi ya moja ya kutokea. Anaweza kuiomba mahakama imtangaze kuwa amefilisika. Hapo mali yake inakabidhiwa kwa msimamizi, baadhi ya madeni yanafutwa, lakini jina linatangazwa na kukopa tena kunakuwa kugumu kwa miaka kadhaa. Au anaweza kuwapelekea wadai wote mpango mmoja wa kulipa kidogokidogo, kwa kiasi ambacho kipato chake kinabeba kweli.

"Lakini mwanangu," fundi alipinga, "wazee walisema dawa ya deni ni kulipa."

"Na hawakukosea, baba. Ila kila dawa ina dozi. Ukimeza chupa nzima kwa siku moja, hatutakuita mgonjwa aliyetibiwa."

Mshauri hakumchagulia njia. Alimwambia tu kwamba mpango wowote unaanza na kinachohitajika nyumbani: paa, umeme, chakula, dawa za mama mkwe. Kinachobaki ndicho cha wadai. Akampa karatasi ajaze matumizi ya mwezi. Fundi alijaza kwa dakika tano. Binti akaisoma, akainua uso.

"Nyumbani kwako nani anakwenda sokoni?"

Hapo fundi alielewa kwamba safari ya mahakamani inapitia jikoni kwake.

Jioni ile alimweleza mkewe kila kitu. Mkewe ni mwanamke mfupi, mcheshi, na mpaka leo akisimulia siku hiyo kicheko kinapungua.

"Sikukasirikia deni," anasema. "Deni ni la watu. Nilikasirika kwamba miaka mitatu alinifanya mgeni ndani ya nyumba yangu. Nampikia, nampa pole ya kazi, kumbe nalala na mtu nisiyemjua."

Siku nzima hawakuongea ila kuhusu chumvi. Alhamisi asubuhi fundi alipovaa viatu, alimkuta mkewe ameshajifunga mtandio, daftari la matumizi kwapani, akimsubiri mlangoni.

Kule ofisini aliichukua ile karatasi ya mumewe, akaisoma kwa sauti.

"Mafuta ya kupikia, chupa moja kwa mwezi. Baba, unadhani yanaota yenyewe kwenye sufuria?" Akamgeukia mshauri. "Nipe kalamu, mwanangu. Huyu anaishi hotelini."

Walipomaliza, matumizi halisi yalikuwa karibu mara mbili ya aliyoandika fundi. Mshauri alisema afadhali, kwa kuwa mpango uliojengwa juu ya njaa huvunjika mwezi wa pili. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza.

"Haya ndiyo unayodaiwa. Wewe unamdai nani?"

"Simdai mtu."

"Viti sitini?"

"Hoteli ilikufa, binti."

"Hoteli haifi hivyo, baba. Ikifilisika inapewa mfilisi, anakusanya mali, anauza, anawagawia wadai. Kumbe na wewe ni mdai. Uliwahi kujiandikisha?"

Hakuwahi. Miaka mitatu alidhani kufuli lile langoni ndilo neno la mwisho. Orodha ya wadai ilikuwa bado haijafungwa. Walijaza fomu palepale, mkewe akiwa ameshika mkataba uliokuwa umekunjwa mara nne.

Kesho yake walisimama mahakamani, yeye, mkewe, na mshauri kwenye benchi la nyuma. Hakimu alisoma mpango wao wa kulipa kidogokidogo. Mwakilishi wa taasisi alipinga, akisema dhamana ni dhamana. Fundi aliulizwa kama ana la kusema.

"Nilisema, mheshimiwa, mkiichukua cherehani mtapata bei ya chuma chakavu. Mkiniachia mtapata fedha yenu yote, ila polepole. Nilitamani misumari yangu."

Baada ya mapumziko mafupi, taasisi ilikubali, na baadaye wadai wale watatu nao wakakubali. Riba ilisimamishwa, na malipo yakapangwa kwa miezi thelathini na sita, yakigawanywa kwa wadai wote wanne. Cherehani ikabaki kwenye boliti zake. Miezi saba baadaye mfilisi wa hoteli alilipa kumi na nane kwa kila mia aliyokuwa anadai. Si nyingi, lakini zilimwondoa kabisa yule mfanyabiashara wa mtaa wa pili, ambaye salamu zake za asubuhi zilikuwa zimeanza kuwatisha majirani.

Leo imebaki miezi kumi na minne. Katika kila mia, thelathini zinakwenda kwenye mpango. Hajawahi kukosa, isipokuwa mwezi mmoja mama mkwe alipolazwa. Mkewe alimpigia mshauri siku hiyohiyo, kabla tarehe haijafika, na malipo yakasogezwa. Kukosa si aibu, anasema mkewe. Aibu ni kukaa kimya.

Siku ya kwanza walipojaribu kumpa mshauri bahasha ya shukrani, aliirudisha. Hapa hatupokei hata soda, alisema. Ila kuna jambo moja fundi anaweza kusaidia, akitaka. Watu wengi wanafika mpaka mlangoni na kurudi. Yeye kutoka ndani anawaona kivuli tu kwenye kioo.

Kwa hiyo kila Jumanne saa nane mchana, Bwana Misumari anafunga karakana, ananawa gundi mikononi, na kwenda kukaa kwenye benchi la korido nyuma ya maktaba. Hashauri mtu, maana si kazi yake. Anakaa.

"Deni langu likiisha nitaendelea kuja," anasema. "Nimemwambia mama watoto, na yeye akistaafu anataka kukaa upande wa pili wa benchi. Anasema wanaume nitawapokea mimi, wake zao atawapokea yeye, maana wao ndio wanajua bei ya mafuta."

Jumanne hii, saa nane na nusu, mwanamume wa makamo anaingia koridoni na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi. Anasoma kibao cha mlangoni. Anakisoma tena. Anaangalia alikotokea.

Fundi hamwangalii usoni. Anasogea kidogo, akiachia nafasi ya mtu mmoja.

"Kaa, ndugu yangu," anasema. "Foleni ni fupi."

Yule mtu anasimama kitambo. Kisha anauweka mfuko sakafuni, katikati ya miguu yake, na kukaa.