Apdeti ya Somanga

Baba yangu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Lindi enzi ambazo barabara ya Ndundu hadi Somanga ilikuwa barabara kwa jina tu. Masika yakiingia aliaga nyumbani kwetu Kilwa Masoko kama mtu anayekwenda Hija, maana hakuna aliyejua atarudi lini. Alikwama sana, na hakuona aibu kukwama. Mpaka leo ukimpa kikombe cha chai atakwambia kwamba dereva hapimwi kwa mwendo, anapimwa kwa anavyokwama.

Mtu wa namna hiyo mimi nilimfuata na gari la umeme.

Nilikuwa nimelinunua Dar kwa vijana wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka nje. Jeupe, zuri, kimya. Kasoro yake ni maneno mengi. Kila baada ya siku chache skrini yake kubwa iliandika kwamba kuna apdeti, je, niisakinishe sasa au baadaye? Nami siku zote nilibonyeza "baadaye", kama ninavyowajibu shangazi zangu wakiniuliza nitaolewa lini. Mwezi mmoja kabla ya safari hii liligoma kufungua mlango wa nyuma kwa siku tatu, kisha likaufungua lenyewe bila fundi kuligusa. Habari hiyo sikumwambia baba.

Nilimfuata kwa sababu ya macho. Daktari alikuwa amesema ni mtoto wa jicho, tena macho yote mawili, na inabidi afanyiwe upasuaji Dar. Baba alikataa kwa miaka miwili. Alidai anaona vizuri, ila kuna ukungu kidogo asubuhi. Nilipompatia nafasi hospitali, Jumanne saa mbili asubuhi, alikubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya shangazi ili liwe na shahidi.

"Nitapanda hilo dude lako. Lakini likizima njiani hata mara moja, napanda basi narudi kwangu, na habari ya macho tusiiongee tena."

Baba akisema, amesema.

Tuliondoka Jumatatu mapema. Gari lilikuwa limechajiwa usiku kucha kwenye soketi ya sebuleni, na baba alilizunguka akilipapasa boneti.

"Kwa hiyo hili linakunywa gesi ya hapa kwetu, ya Songo Songo?"

Nikamwambia ndiyo, umeme wetu mwingi unatokana na gesi.

"Basi ni mwenyeji. Usiliite tena la kigeni."

Njia nzima alikuwa yeye ndiye dereva, mimi nimeshika usukani tu. "Kona inakuja, ya kulia. Punguza, kuna kidaraja. Hapa mbuzi hupenda kuvuka." Kila kona aliitaja kabla sijaifikia, na nikaanza kujiuliza kama daktari hakuwa amekuza mambo. Mbuzi sikuwaona, lakini mbuzi wana ratiba zao.

Somanga tuliegesha kwa mama mmoja anayekaanga samaki kando ya barabara. Kabla sijazima gari, skrini ikalia. Nikanyoosha kidole kwenye "baadaye" yangu ya kila siku.

"Linataka nini?" baba akauliza.

"Linaomba apdeti, baba. Si lazima."

"Gari likikuomba kitu, lipe. Maji, oili, chochote. Ukilinyima leo, kesho litajichukulia lenyewe, tena mlimani."

Ningebishana na miaka thelathini ya malori? Nikabonyeza "sasa", nikaliunganisha na bando la simu yangu, tukaagiza chai na samaki wawili, changu wa kukaanga.

Ilikwenda vizuri hadi asilimia sitini na mbili, ikaganda. Mtandao ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Nilimwambia baba ukweli, sitini na mbili, haisogei. Nikaongeza haraka kwamba halijazima.

"Limekwama," akasema, na nilimsikia kabisa akifurahi. "Kukwama kuna utaratibu wake. Leo mimi dereva, wewe utingo wangu."

Utaratibu ulianza na majani. Gari bovu bila matawi barabarani, mbele na nyuma, ni kosa la dereva. Nikamkumbusha kwamba tumeegesha nje kabisa ya barabara. Hakunisikia. Alikwenda kwenye kichaka kilichokuwa karibu, akavunja matawi mawili manene na kuyapanga kwa heshima zote.

Mama wa samaki akaweka chini kijiko chake. "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Huo mkorosho ni wangu, mzee. Na una maua."

Baba akashika jani, akalinusa. "Nisamehe sana. Nilidhani kichaka."

"Haya, mkorosho umeshakuwa taa za hatari. Na kama gari lenu ni la umeme, bomba la gesi ya kuufua linapita huku huku kwetu. Ungeliombea gari lako gesi kidogo."

Tulicheka wote watatu. Baba akarudi kukaa ndani ya gari alilinde, maana mzigo hauachwi peke yake. Mama wa samaki akanipa simu yake, akisema mtandao wake unashika zaidi ukisimama kwenye kichuguu cha ng'ambo. Nikavuka, nikampigia kijana fundi wa Dar. Akaniambia nisihangaike: nilifunge gari, tukae mbali nalo tukiwa na ufunguo wake, tusiguse hata mlango kwa nusu saa, litaamka na kumalizia lenyewe.

Niliporudi, gari lilikuwa limezima lote. Hakuna taa hata moja. Skrini ilikuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Baba alikuwa amekaa wima mbele yake, anaiangalia kwa makini kama mtu anayelinda maziwa yasifurike.

"Inapanda vizuri," akasema. "Sasa hivi ni sabini na kitu."

Nikaitazama skrini tena, bado nyeusi.

Nilielewa mambo mengi kwa mara moja, mkorosho na kona na mbuzi. Njia alikuwa anaijua kwa moyo. Macho hayakuhusika. Na nikaelewa jambo jingine, la aibu: kama hajui kwamba gari limezima, sharti lake halijavunjwa. Nikinyamaza nusu saa tu, litaamka, tutaondoka, na kesho saa mbili atakuwa kwa daktari. Upofu wa baba yangu ulikuwa umeniokoa. Nilimtoa garini kwa kisingizio cha chai, nikalifunga, tukakaa kwenye benchi.

Alikula taratibu, akitafuta miiba kwa vidole. "Itakuwa imefika themanini," akasema.

Sikuweza. Nilijisikia mwizi.

"Baba, gari limezima. Tangu nilipovuka barabara. Skrini haikuwa na kitu."

Aliosha mikono, akajifuta kwa leso, akaikunja mara nne. Na kwa kuwa siku mbaya haiji peke yake, basi la kwenda Lindi, la kumfikisha njia panda ya Kilwa, likasimama pale pale, abiria wakaanza kuitisha samaki madirishani. Konda akaning'inia mlangoni: "Nangurukuru! Lindi! Nafasi zipo!"

Baba akasimama. Akaupapasa mfuko wake chini ya benchi, akaupata, akauweka begani. Nilitaka kumshika kanzu kama mtoto, lakini sharti nililikubali mwenyewe, mbele ya shangazi.

"Mzee, twende!" konda akaita.

"Nilisema ngapi?" baba akaniuliza.

"Sabini na kitu."

"Na hapakuwa na kitu."

"Hapakuwa na kitu, baba."

Akauelekeza uso wake kwenye sauti ya injini. Kisha akautua mfuko kwenye benchi.

"Nenda tu, mwanangu," akamwambia konda. "Mimi gari langu lipo hapa, linafanyiwa apdeti."

Basi likaondoka. Tulikunywa chai mpaka gari lilipolia mlio mdogo na kuwasha taa zake, kama vile halijafanya lolote. Baba akaniwekea mkono begani nimwongoze hadi mlangoni, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya tangu nizaliwe. Skrini ilikuwa imejaa maandishi.

"Nisomee," akasema.

Nikamsomea yote: waipa zimerekebishwa, breki zimeboreshwa, hitilafu kadhaa zimeondolewa. Breki aliniambia nirudie.

Kutoka Somanga hakunitajia kona hata moja. Tulikwenda mpaka matairi yalipobadilisha sauti, tumeingia kwenye daraja la Rufiji, mto ambao yeye aliuvuka kwa pantoni mara zisizohesabika. Akageuza shingo dirishani.

"Maji yako wapi siku hizi?" akauliza. "Yamejaa?"

Nikapunguza mwendo, nikamweleza.