Mafuta ya Breki

Ukikaa na wazee wa Mlowo, kule Mbozi, wanaozungumza habari za magari, haitachukua muda kabla hawajafika kwa baba yangu. "Andongwisye ndiye aliyekitia kigari cha Bwana Haraka breki za vani," watasema, na mmoja atainuka kabisa kuonyesha jinsi kilivyokuwa kikisimama mteremkoni. Wanacheka, kisha wananitazama wakitaka nami nifurahi. Mimi huaga nikaenda zangu.

Baba alikuwa Mndali wa kijiji cha Ibaba. Alikwenda Mbozi mwaka 1938 kupalilia kahawa katika shamba la Mzungu, wakamwona ana mikono ya chuma, wakamhamishia karakana. Miaka kumi na mitatu alilala chini ya matrekta na mashine za kumenya kahawa. Krismasi alikuja nyumbani siku chache, akanuka oili hata baada ya kuoga mara mbili. "Nimeolewa na huyu pamoja na injini yake," mama alikuwa akisema, nasi tulicheka. Mama yangu, Yunisi, alijua kutania. Lakini yeye ndiye aliyelima peke yake, akavuna peke yake, na sisi watoto tulimjua baba kama mgeni anayeheshimiwa.

Mwaka ninaousimulia ni 1951. Baba alikuwa na miaka arobaini na mitano na magoti ya mzee wa themanini, kwa sababu ya sakafu ya saruji. Alichoka. Sisemi uchovu wa siku moja. Alikuwa anaweza kuketi kitandani na kiatu kimoja mkononi, akasahau kuvua cha pili mpaka mtu amkumbushe.

Mwenye shamba walimwita Bwana Haraka, kwa kuwa hakujua kutembea, alikimbia tu. Alikuwa na kigari chekundu cha viti viwili, cha mashindano, alichokileta kwa meli kutoka kwao. Mbio kilikuwa nazo. Breki ndizo zilikuwa mzaha, maana zilikuwa za waya: ukikanyaga pedali, nyaya zinavuta kila gurudumu. Kwenye tope la Mbozi nyaya zilirefuka, huu zaidi ya ule, na gurudumu moja likashika huku mengine yakijishauri. Kigari kilikwisha ingia mtaroni mara mbili. Sasa vani ya mizigo, ya kiwanda kilekile, ila mpya zaidi, ikapinduka karibu na shamba na mwenyewe akaiuza kama chuma chakavu. Ile ilikuwa na breki za kisasa, zinazosukumwa na maji mazito yanayopita ndani ya mabomba membamba, magurudumu yote yakashika kwa pamoja. Bwana Haraka akainunua, akaitazama vani, akakitazama kigari, akamwita baba azihamishe breki.

Wiki hiyohiyo mwinjilisti wetu wa Ibaba alipita Mbozi akamletea baba habari: Yunisi yuko kitandani, kifua kimembana, chakula hakipiti. Baba akaenda kuomba ruhusa. Bwana Haraka akamjibu, "Breki kwanza. Ukimaliza, nenda mwezi mzima." Kuondoka bila karatasi ya ruhusa siku zile kulikuwa kosa la kufikishwa mahakamani. Baba akarudi chini ya gari.

Alifanya kazi siku tisa. Matundu ya boliti hayakulingana, akayapanua kwa tupa. Ngoma za vani, vile vyungu vya chuma breki inamoshikia, zilikuwa kubwa, zikagusa magurudumu, akazipunguza kidogokidogo mpaka zikazunguka bila kukwaruza. Pampu ya breki, pamoja na kikopo chake cha maji mazito, haikuwa na mahali pa kukaa, akaitengenezea kiti kwa kipande cha plau iliyovunjika. Hakuna kitabu kilichomfundisha. Siku ya tisa Bwana Haraka akakijaribu mteremkoni, kigari kikasimama wima kama askari, naye akaiandika karatasi ya ruhusa palepale juu ya boneti.

Kesho yake asubuhi baba akafunga safari. Rubeni, mwosha magari wa shamba na rafiki yake wa miaka mingi, akamsindikiza amebeba mfuko wake, kama ilivyo desturi. Walipofika Mlowo, mahali pa kuagana, Rubeni akampa mfuko na kumwambia, "Uende salama, kaka. Umsalimie sana shemeji. Na gari usilifikirie, kile kikopo cha breki nimekwisha kijaza leo alfajiri."

"Umekijaza nini?"

"Mafuta. Si uliniambia jana, nikikiona kimepungua niongeze mafuta?"

"Mafuta gani, Rubeni?"

"Ya injini. Tena mapya kabisa, sikukutilia machafu."

Lazima nieleze hapa, maana wazee wa Mlowo hawafiki sehemu hii. Katika karakana ile kila kitu chenye utelezi kilikuwa mafuta: mafuta ya taa, mafuta ya injini, mafuta ya gia. Kile kioevu cha breki nacho baba alikiita mafuta ya breki, na jana yake, kwa uchovu, alisema mafuta tu. Lakini ndani ya breki zile kuna vipira, na vipira hivyo vikinywa oili ya injini vinavimba na kulainika. Kwa siku moja au mbili breki inashika kama kawaida. Halafu siku moja unakanyaga na pedali inakwenda mpaka sakafuni.

Bwana Haraka alikuwa aende Tunduma Jumamosi, siku mbili mbele. Katika mteremko wa njia hiyo, Jumamosi wanawake wanapanda na mizigo kichwani, watoto mgongoni. Na kumrudisha Rubeni peke yake akaseme ilikuwa kumpeleka jela.

Baba aliketi kando ya barabara. Rubeni alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, huku analia: baba alikaa ameielekeza miguu upande wa Ibaba, akakaa, akakaa, hata Rubeni akaogopa kumsemesha. Kisha akauchukua mfuko wake wakarudi shambani.

Hakumtaja Rubeni. Alimwambia Bwana Haraka, "Nimekosea mimi. Nimetia mafuta yasiyo yake." Bwana hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi ya ruhusa, akaitia kwenye droo. Mtu mwenye moyo angesema vipira vinaagizwa kutoka Dar es Salaam, wewe nenda ukamwone mkeo, utarudi vikifika. Yeye alisema kazi haijaisha. Baba akafungua mabomba yote, akayaosha kwa spiriti, akangoja. Vipira vilichukua wiki tano.

Mama alifariki wiki hiyo ya tano. Nilikuwa na miaka kumi na sita na mimi ndiye niliyemnywesha uji. Mpaka jioni ya mwisho aliniuliza, "Ferista, hujasikia mbwa wakibweka? Itakuwa baba yako." Nilimjibu nitakwenda kutazama. Nilikwenda kila alipouliza.

Baba alifika siku ya nne baada ya maziko. Alipita moja kwa moja hadi kaburini, akakaa chini na mfuko wake begani. Nilimfuata. Watu walikuwa wamekwisha nieleza kilichomchelewesha, kwamba alifika Mlowo akarudi kwa sababu ya gari la Mzungu. Sikumsalimu.

Nikamwambia, "Baba, ungenyamaza. Ungeendelea na safari. Nani angejua?"

Hakunikaripia, ingawa mtoto wa Kindali hasemi hivyo na baba yake. Alinitazama kwa macho mekundu kwa vumbi la barabara.

"Nilitaka, mwanangu," akasema. "Nilikaa pale nikitaka. Lakini nilikuwa nimechoka. Kitu kama kile nisingeweza kukibeba mpaka hapa."

Nililichukia jibu hilo miaka mingi. Sasa umri wangu umeupita wake wa siku ile, na hasira yangu kwa Bwana Haraka iko palepale, sijaipunguza. Hasira kwa baba ndiyo inayonishinda. Kila nikijaribu kumkasirikia, namwona ameketi pale Mlowo, uso upande wa kwetu, na mimi mwenyewe sijui ningeinuka kuelekea wapi.