Debe la Wageni

Kazi yangu ilikuwa kugawa wageni. Sikujua kupiga ngoma wala kucheza, na kanisani sauti yangu ilikuwa ya kujazia tu. Lakini kila baada ya mavuno ya mpunga, vikundi vilipojaa kwenye uwanja wa shule ya msingi, mimi ndiye niliyesimama kwenye goli la upande wa barabara nikaita: wawili waende nyumba hii, watatu ile. Mama mkwe wangu aliifanya kazi hiyo kabla yangu, akaniachia magoti yalipomshinda.

Ngoma yetu haikuwa na tiketi wala mlango. Vikundi vingine vilitoka Busale, vingine vijiji vya ziwani, vikashukia bandarini Itungi. Kimoja kilivuka mto Songwe kwa miguu kutoka Malawi, wanaume wenye kaptula nyeupe na soksi ndefu, kila mmoja na penenga lake, yaani kibuyu cha kupulizia chenye tundu lililozibwa kwa utando wa buibui ili kikorome. Aliyetaka kutazama alitazama, hata walevi. Kilichoibeba ngoma kwa siku zote mbili ni mpunga wetu. Kabla mtu hajauza hata gunia moja, alijaza debe akaliweka pembeni. Hilo ndilo debe la wageni. Mwanamke ambaye hakuliweka alisemwa kisimani mpaka mvua zirudi.

Kugawa watu kunaonekana kazi ya yeyote mwenye mdomo. Si kweli. Kwetu Wanyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawaonani. Mkamwana akisikia sauti ya baba mkwe njiani anaingia kwenye migomba mpaka mzee apite. Hawasemeshani, wala hawakai chini ya paa moja. Baadhi ya watu wa kanisani walishaanza kulegeza, mimi sikulegeza. Na kwa kuwa watu wa ng'ambo ni ndugu zetu, wameoa kwetu nasi tumeoa kwao, ukimpeleka mzee kwenye nyumba ya mke wa mwanawe umemlaza nje. Ilibidi nijue nani ni mkwe wa nani, huku na ng'ambo ya mto.

Mimi mwenyewe nilikuwa na wangu. Kiongozi wa kikundi cha Malawi alikuwa baba mkubwa wa mume wangu, kwa hiyo baba mkwe wangu. Kikundi chake kikiingia uwanjani nilijifunika kitenge nikageukia upande wa pili. Kwa miaka yote hiyo nilimjua kwa mgongo na kwa penenga lake, lililokuwa zito kuliko mengine yote. Nilimpeleka kila mwaka kwa jirani yangu, bibi mjane mwenye shamba la kokoa, ng'ambo ya barabara. Asubuhi bibi alinivukia na salamu: mzee amelala vizuri, mzee anasema ndaga. Hiyo ndaga, asante ya kwetu, ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu yote, mimi na yeye. Ilinitosha kwa mwaka mzima.

Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu huru kununua na kuuza. Ghala la ushirika likabaki na kufuli lenye kutu, na malori ya wanunuzi yakawa yanatufuata shambani, mpunga haujakauka vizuri. Wanawake wakaanza kunung'unika kwamba debe la wageni ni daftari za watoto, ni bati la jikoni. Siwalaumu. Hata mimi nilinung'unika, ila chini chini.

Ndipo watu wa kampuni moja ya sabuni walipokuja na gari lenye vipaza sauti. Hawakutaka kiingilio. Walitaka kutundika bango lao, na wao wawapikie wageni wote pilau pale pale uwanjani. Kulala, wageni wangelala madarasani. Kwenye kikao mwenyekiti aliniuliza mimi kwanza, maana wageni walikuwa wangu. Nilikuwa nimechoka. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimegombana na wanawake watatu kwa ajili ya madebe yao. Nikasema wapike, na wanawake wa kijiji hiki wapumzike. Nilipigiwa vigelegele. Mpaka leo naona aibu nikikumbuka jinsi nilivyovifurahia.

Jirani yangu hakupiga. Alisubiri watulie, akaniuliza mbele ya wote, "Mgeni akila uwanjani, ni mgeni wa nani?"

Nikamjibu kwamba ni mgeni wetu sote. Akasema haya, akakunja khanga yake akaenda nyumbani.

Walipika miaka miwili. Pilau ilikuwa nzuri, sina la kuisema vibaya, na nyama iliuzidi mchele. Watu walikuja wengi kuliko zamani. Mimi nilisimama kwenye goli langu kwa mazoea, sina wa kumwita. Watu wakawa wanauza mpunga wao mpaka wa kufagia. Ni jirani yangu tu aliyeendelea kujaza debe lake, na ni baba mkwe wangu tu aliyekataa foleni ya pilau akaenda kula na kulala kwa bibi yule kama kawaida. Kisha katikati ya masika bibi akafa. Nyumba yake ikafungwa.

Mwaka wa tatu watu wa sabuni hawakuja. Hatukugombana nao, wala hawakuahidi kitu. Hawakuja tu. Vikundi vilikuwa vimecheza tangu asubuhi, na kufika saa nane niliwaona wapiga ngoma wanageuza shingo kutazama barabara. Hapakuwa na moshi wa jiko popote. Nikaenda kwenye goli nikaanza kuita nyumba kama zamani.

Mwanamke wa kwanza aliinamisha uso. "Dada," akasema, "mwaka huu hatukuweka."

Hakusema uongo. Wa pili naye hivyo hivyo, na wa tatu. Wengine kwa haya walichukua mgeni mmoja mmoja. Watu wa Busale waliona mambo yalivyo, wakaaga mapema. Wakabaki wa Malawi, wote, hawana wa kuwaita. Mume wangu alikuwa amepeleka mchele Mbeya. Nikawaambia twendeni kwangu.

Nilikata ndizi zilizokuwepo, nikapika na mchele niliowawekea wanangu. Walikula uani kwa zamu, kwa sababu sahani hazikutosha. Baba mkwe hakuingia uani. Alikaa kwenye gogo ng'ambo ya barabara, mbele ya nyumba ya marehemu, akinipa mgongo kama inavyopasa. Nikapakua sahani yake kwanza kabla ya yangu, nikaifunika, nikamwomba mpiga ngoma wao ampelekee. Akairudisha bado imefunikwa.

"Mama, mzee anasema ndaga fijo," akaniambia. "Lakini mgeni hali barabarani."

Nililia mbele ya wageni, mtu mzima mimi. Barabara yenyewe si pana. Nilitaka kuivuka nimwambie, baba, ni mimi niliyesema wapike. Lakini mkamwana hasemi na baba mkwe wake, na aliyekuwa akinisemea alikuwa kaburini. Jua bado liko juu wakainuka, wakashika njia ya Songwe bila kulala, yeye mbele, njaa tumboni. Niliwatazama nikiwa kwenye migomba. Hakuna aliyepuliza penenga.

Hawakurudi tena. Mwaka uliofuata mtu wa mjini alizungushia uwanja turubai, akaleta disko na kiingilio mlangoni. Kijijini husema walioiua ngoma yetu ni watu wa sabuni. Nawasikia wakisema hivyo dukani, nami nanunua chumvi yangu naondoka.

Kila mavuno najaza debe naliweka pembeni ya kitanda, kabla sijauza hata gunia moja. Ikifika mwezi wa pili, chakula kinapopungua, tunalila wenyewe.